Kunguru wa Serikali, Kuku wa Mamangu

Nawachukia kunguru. Nalisema mapema ili asiyependa maneno makali afunge kitabu akalale. Siwachukii kwa weusi wao wala kwa kelele zao, ijapokuwa kelele zenyewe ni adhabu tosha. Nawachukia kwa sababu waliletwa, na waliowaleta hawakutuuliza. Waliokuja baadaye wakatuletea dawa ya kuwaua, nao hawakutuuliza. Baina ya hao na hawa, nimempoteza kuku wa mamangu.

Kuku huyo hakuwa wa kununua sokoni. Mamangu alipoolewa akaletwa hapa Magogoni, alikuja na godoro, sinia la shaba na kuku jike wa kuchi, wale kuku warefu wa pwani wenye macho ya ugomvi. Watu walimcheka, bibi harusi ana kuku kwapani. Kuku yule akaangua, na watoto wake wakaangua, na jogoo tukiazima kwa wenye kuchi tu, maana mama hakukubali damu ile ichanganyike. Alipokuwa kitandani kwa maradhi yake ya mwisho hakuniusia nyumba wala nguo. Aliniusia kuku.

"Wakikatika hawa," akaniambia, "nami nimekatika."

Nikamwambia inshallah hawatakatika. Nilisema kwa urahisi, kama mtu anavyomjibu mgonjwa.

Sasa huyo kunguru. Babu yangu, baba yake mama, alikuwa mfagiaji wa mji kule kisiwani kwetu zama za Mwingereza, na fagio lake la chelewa. Mama alikuwa akitusimulia kwamba zama hizo wakubwa wa Unguja, Waingereza vilevile, walichoka na taka za mji wao. Badala ya kuongeza watu wa kufagia, wakamwagiza kunguru kutoka Bara Hindi, wakamfungulia ale uchafu. Ndege halipwi mshahara, haumwi wala hagomi. Alipojaa Unguja akapanda meli zake akatufikia, na babu akawa anafagia mbele, kunguru anatawanya nyuma. Mama akifika hapo alikuwa akicheka, lakini si kicheko cha raha. Alikuwa akisema Mzungu alimwona babake ni ghali.

Kunguru wetu wa asili, yule mwenye kizibao cheupe kifuani, alikuwa na haya zake. Ndiyo maana wazee wakasema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Huyu wa shingo ya kijivu haogopi mtu. Ameingia jikoni mwangu akabeba samaki juu ya kaango, mimi mwenyewe nimesimama pale na mwiko mkononi. Ndege chozi waliokuwa wakining'iniza viota vyao kwenye mwasumini wa mama, amewala mayai mpaka wakahama. Mnana nao tuliwazoea kwenye mnazi wa jirani, leo nenda kawatafute. Wahenga walisema kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, na akiangua huchukuliwa na mwewe. Mwewe gani? Wahenga hawakumjua mgeni huyu, la sivyo wangembadilishia methali.

Tukapata Uhuru, bendera ikabadilika, taka zikabaki. Mwisho wa kichochoro chetu pana jaa ambalo limekuwa likikua tangu niko msichana. Lori la taka tunaliona barabara ya Malindi likipita na harufu yake, lakini huku ndani haliji. Kila mwenye kutaka kura ameliahidi. Kunguru wanajua jaa lile kuliko diwani yeyote, na wakishiba takataka zetu hupanda juu ya ukuta wangu kutafuta kitoweo.

Mwaka jana kuku wa mama alikuwa amebaki mmoja, mtetea mwekundu, mkali kama mama mwenyewe. Akaatamia, akaangua. Nikafanya tunavyofanya huku sote: nikachemsha rangi ya zambarau, ile tunayotilia ukindu wa mikeka, nikaiacha ipoe nikawachovya vifaranga mmoja mmoja. Kunguru akiona kitu cha zambarau kinatembea huingiwa na shaka. Watoto wa jirani walicheka mpaka wakakaa chini. Lakini shaka ya kunguru haidumu. Wiki haikupita kifaranga wa kwanza akaenda, anapiga kelele hewani na uzambarau wake.

Nikamtupia mwizi yule jiwe, likampata. Tangu hapo ukoo wake wote ukanijua sura. Nikitoka kwenda dukani walinishukia kichwani, mimi peke yangu, watu wengine wanapita salama. Nikawa natembea na mwavuli jua kali, na vijana wa kijiweni wananiuliza kama Magogoni kwangu kunanyesha.

Basi siku moja likapita gari lenye kipaza sauti. Serikali itawatilia kunguru dawa kwenye nyama, pale jaani, na wenye kuku wawafungie leo na kesho. Nyuma ya gari kijana afisa, mtu wa bara, ana adabu zake, akipita nyumba kwa nyumba kueleza. Nikamkaribisha maji. Nikamwombea dua kabisa, wallahi. Kuku wangu nikawafungia ndani, mlango kwa komeo. Asubuhi ya pili kunguru walikuwa wakidondoka kutoka kwenye minazi, na mimi nikapika wali wa nazi kama siku ya Idi.

Siku ya tatu nikafungua mlango. Nilikuwa nakanda unga wa mahamri nilipomwona mtetea wangu chini ya paa la jiko la uani, anavuta kitu ndani ya makuti. Ni kipande cha nyama. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba juzi yake, siku ile ya dawa, nilimwona kunguru akichomeka mdomo wake palepale. Kunguru akishiba hajui kuacha, huweka akiba. Nilikimbia na unga mikononi, nikamshika shingo, nikamfungua mdomo. Alikwisha meza. Siku ile nzima alikunywa maji tu, anakunywa anasimama, anakunywa anasimama. Alfajiri nilimkuta amekufa, na vifaranga bado wako chini ya mbawa zake wanatafuta joto.

Nililia. Mtu mzima, nalilia kuku, na anayetaka kucheka acheke.

Nikamfunga kwa kanga kuukuu nikaenda naye ofisini kwa yule kijana. Nikamweka juu ya meza. Akasema pole sana, mama, lakini tuliwatangazia mfungie. Nikamwambia nilifungia siku zote mbili, lakini kunguru wake hakusikia tangazo. Akainamisha uso. Akanieleza kwamba kazi imekwenda vizuri, kunguru wengi wamekufa, na mwakani watarudia. Nikamuuliza kama watarudia na jaa bado lipo, si wanawaalika wengine tu waje kula?

"Mama," akasema, "taka ni idara nyingine."

Nilimchukua kuku wangu nikatoka. Nilimzika kuku chini ya mwasumini, kisha nikazunguka kwa majirani wanawake, nyumba baada ya nyumba, nikawaambia neno lile kama nilivyoambiwa. Sikuhitaji kuongeza kitu. Asubuhi yake tukakodi mikokoteni, tukashika mapauro na makarai, tukalibeba jaa. Si lote, nani angeliweza lote? Kiasi cha kutosha kuziba lango la ofisi ya yule kijana, tukakimwaga hapo. Na kunguru waliosalia wakatufuata njia nzima, wakakaa juu ya bati la serikali wakipiga makelele yao. Askari wa langoni akatuuliza sisi ni nani na nani ametutuma. Tukamwambia sisi ni idara nyingine.

Lori lilifika kabla ya adhuhuri. Kumbe lipo, kumbe lina mafuta na dereva. Lilizoa zile taka za langoni, pakafagiliwa pakang'aa, likaondoka. Kwetu halijafika mpaka leo, na jaa limekwisha kuziba lile pengo tulilolichimba. Kunguru nao wamerudi.

Vifaranga bila mama hawakuweza. Wengine baridi iliwaua, wengine walichukuliwa mbele ya macho yangu. Amebaki mmoja, jike, shingo ndefu, jicho la ugomvi. Tangu abaki peke yake sikumtoa nje hata siku moja. Amekulia jikoni mwangu, baina ya jiko la mkaa na gunia la unga, na juzi ametaga yai lake la kwanza ndani ya karai langu la kukandia. Jogoo wa kuazima nimekwisha mpata, naye itabidi aingie humuhumu ndani. Inshallah ataangua. Ila kuku wa mamangu alikuwa akiwafundisha wanawe kuparura, na huyu sijui atawafundisha nini, maana mwenyewe hajakanyaga udongo tangu utoto wake.