Nilimwita Mwizi Mbele ya Wenzetu

Mwanangu, nakumbuka siku moja pale Magamba nilipopekua mfuko wa mtu aliyekuwa ametoka tu kwenda kunywa maji. Hata leo naona aibu kulisema.

Tulikuwa bendi ya vijana wanne. Gitaa alikuwa akipiga kaka yangu Elia, mpaka mti ulipomwangukia msituni alikokuwa akikata miti ya mbao. Baada ya mazishi sikuimba tena. Ndipo akaja Damiani kutoka Rangwi, kijana mpole asiyekutazama machoni, akaomba nafasi ile. Tukampa. Siku ya tatu akapiga wimbo wa Elia, wimbo niliousikia jikoni kwetu tu, ukiwa haujakamilika.

"Umeutoa wapi?" nikamuuliza.

"Nimeusikia mahali."

Mahali gani? Tangu hapo nikawa namchunga. Mfuko wake hauachi; akiona naangalia, anausogeza. Na ubaya ni kwamba akipiga, koo langu linafunguka, naimba. Hilo nalo nikalitilia shaka.

Basi siku hiyo aliusahau kwenye benchi. Ndani nikakuta karatasi zenye mwandiko wa Elia. Damiani aliporudi nikazimwaga miguuni pake. "Mwizi! Unaiba hata kwa marehemu!"

Akageuka aondoke. Hoza, mpiga ngoma wetu, akasimama mlangoni. "Kaa, mghoshi," akamwambia, yaani bwana kwa Kisambaa. "Mjibu."

Akakaa sakafuni. "Alinipa mwenyewe. Alikuwa akinifundisha msituni, wakati wa chakula. Dada, siku ile mti ulipomwangukia, mimi nilikuwa upande wa pili wa msumeno. Niliogopa mtaniuliza kwa nini nimepona."

Niliziokota karatasi moja moja, nikamrudishia. Kisha nikamwomba anipigie mwisho wa wimbo, maana mimi sikuujua. Akapiga, nami nikalia kilio ambacho makaburini kilinikataa. Tukaendelea kupiga wiki baada ya wiki, na polepole akaanza kunitazama machoni. Tulipooana, mimi Mlutheri yeye Mkatoliki, wazee walinung'unika sana. Ndiye huyo unayemwamkia shikamoo kila asubuhi.

Sikuambii umwamini kila mtu, mwanangu. Mimi mwenyewe bado ni mwepesi wa kushuku. Ila ukimshuku mtu, muulize kwa sauti ya chini, mkiwa wawili, kabla hujagusa mfuko wake. Na akinyamaza, mpe muda. Wengine hawafichi wizi, wanaficha maumivu. Mungu akupe sikio lenye subira, na akupe watu wa kuimba nao.