Upepo wa Kiti cha Nyuma

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa spana wala nyundo. Nilipewa kioo. Fundi Mkuu wa karakana ya serikali hapa Songea, Mzee Rajabu, alinisimamisha nje ya gari la bwana shamba, yeye akaingia ndani na kuniambia nitandaze viganja.

"Mimi nasukuma, wewe unapokea," alisema. "Ukishakishika sawasawa useme nimepokea. Usiposema sikiachii, hata tukikaa hapa mpaka Iddi."

Nilisema nimepokea, na kioo kikanilalia mikononi kizito kuliko nilivyodhani. Hivyo ndivyo nilivyoingia kazini. Barua ya ajira ilikuja baadaye sana.

Ninyi vijana mnaobandika vioo kwa gundi ya bomba hamtanielewa nisipoeleza. Zamani kioo cha gari kilikaa ndani ya mpira wenye mifereji miwili: mmoja unashika kioo, mwingine unashika bati la bodi. Ukitaka kukitoa unaanzia ndani. Unapaka maji ya sabuni, unaupindua mdomo wa mpira taratibu kwa bisibisi iliyosagwa ncha, kisha unasukuma kwa kiganja kwenye kona ya juu. Ukitaka kukirudisha unalaza uzi ndani ya mfereji, mwenzako anakandamiza kutoka nje, nawe unauvuta uzi mpaka mdomo wa mpira upande wenyewe juu ya bati. Mpira ukichanika umekwisha, maana mwingine ulitoka Dar es Salaam, na barabara ya masika ilikuwa na mambo yake. Tulijifunza subira, na asiyekuwa nayo alihamishiwa kwenye matairi.

Baada ya Songea nilipelekwa karakana ndogo ya Tunduru, na haukupita muda Mzee Rajabu akaletwa huko kuwa mkuu wangu tena. Alifurahi, kwa sababu ni kwao. Alizaliwa Nalasi, na mikorosho ya baba yake ilikuwa bado imesimama huko. Kazi ya Tunduru ilikuwa vioo nusu, na nusu nyingine bodi na rangi. Tulipiga puti, tukapiga msasa, kisha tukapuliza rangi ndani ya chumba cha mabati, puani tumejifunga vipande vya kanga. Msimamizi wa Karakana, bwana mmoja aliyehamishiwa kwetu kutoka kaskazini, alitaka mlango ufungwe tukiwa ndani.

"Nikiona punje ya vumbi kwenye rangi mbichi," alikuwa akisema, "mnakwangua mnaanza upya."

Siku moja Mzee Rajabu alivumilia mpaka machozi yakamtoka, ndipo akagonga mlango kwa ndani na kuita, "Mbepo!" Mimi niliyekuwa nje nikichanganya rangi nilimfungulia. Kwa Kiyao, mbepo ni upepo. Mbepo ni baridi vilevile. Neno ni hilo hilo moja, na msikilizaji ndiye anayechagua maana. Alitoka akikohoa, akajiegemeza ukutani, kisha akanitania kwamba sisi Wangoni tumezaliwa na mivukuto ya mhunzi badala ya mapafu. Nilicheka naye. Hakuna aliyetuambia kwamba rangi ile inakaa kifuani, na kama yupo aliyejua, alinyamaza.

Miaka ikaenda. Nikarudishwa Songea, nikapanda mpaka nikawa Fundi Mkuu mimi mwenyewe, chini ya Mhandisi aliyependa kusema kwamba gari ni kama ng'ombe, halilazimishwi kunywa. Mzee Rajabu alistaafu, akaja kuishi mjini hapa kwa binti yake Zuhura, mjane mwenye duka dogo la kanga na vitenge. Kikohozi hakikustaafu pamoja naye. Kila nilipokwenda kumjulia hali nilimkuta amepungua.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, Oktoba ile ya jua kali kabla ya mvua, akaja nyumbani kwangu kijana wa Mzee Rajabu, Hamisi, anayefanya kazi Dodoma. Alikuwa na gari la milango miwili, refu mbele, fupi nyuma.

"Shikamoo, Mzee Gaudensi. Nimekuletea kupe."

"Marahaba. Kupe hunyonya damu. Huyu wako ananyonya nini?"

"Mafuta, mzee wangu," alisema, akacheka.

Kupe ndilo jina vijana waliloyapa magari hayo. Vioo vyake vya ubavuni, vile vya kiti cha nyuma, havishuki. Vimekaa kwenye mpira kama vya magari yetu ya zamani. Kiyoyozi kilikuwa kimekufa, na Hamisi alitaka nivitoe vile viwili apate kuendesha kiangazi chote akipigwa na upepo pande zote. Aliona vijana wengine wakifanya hivyo. Nilimwambia mvua ikianza atakuwa na bwawa kwenye kiti. Nikamwambia pia kwamba ukitoa kioo bodi inaanza kupiga kelele na vumbi halina adabu. Nilikataa, nikamkaribisha chai.

Tukiwa kwenye chai ndipo akaniambia kilichomleta. Hospitali walikuwa wamemruhusu baba yake, kwa ile ruhusa ambayo familia huambiwa pembeni. Mzee alikuwa anataka jambo moja tu, kufia Nalasi. Hamisi angempeleka kwa kupe, mzee amelazwa kiti cha nyuma na kuegemezwa mito, kwa sababu miguu ilikuwa imevimba na kukaa mbele asingeweza.

Nilikwenda naye kumwona. Nilimkuta chini ya mablanketi mawili, dirisha limefungwa, pazia limeshushwa, na jasho linamtiririka shingoni. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Alinitazama, akakusanya nguvu, akasema, "Mbepo."

Zuhura akasimama mara moja. "Anasikia baridi tangu juzi," aliniambia. "Usiku na mchana ni mbepo, mbepo." Akamletea blanketi la tatu.

Mzee Rajabu akafumba macho. Sijapata kuona mtu akikata tamaa kimya kimya namna ile. Nikayarudisha mawazo yangu kwenye chumba cha mabati cha Tunduru, na mlango uliogongwa kwa ndani.

"Zuhura, mwanangu," nilisema, "baba yako hasikii baridi. Anaomba hewa."

"Baba mdogo, mtu wa kifua hapigwi na upepo. Upepo utammaliza."

"Muulize."

Hakumuuliza. Hamisi ndiye aliyeinama. "Baba, unataka blanketi au unataka dirisha?"

"Dirisha," alisema yule mzee kwa Kiswahili, akaanza kulia.

Lilifunguliwa kidogo, na Zuhura akatoka nje. Simlaumu. Alimwogesha na kumlisha baba yake kwa muda mrefu, na sisi wengine tulikuwa wageni wa jioni. Kila alichofanya alikifanya kwa mapenzi, na mapenzi yale yalikuwa yanambana baba yake pumzi.

Asubuhi iliyofuata nilivitoa vile vioo vya kupe nilivyokuwa nimekataa kuvigusa. Niliondoa mto wa kiti na ubao wa kando, nikapaka maji ya sabuni, nikapindua mdomo wa mpira. Hamisi alisimama nje, nikamfundisha lile neno la kupokea. Kioo cha kwanza kilitoka vizuri, cha pili kikakwama kwenye kutu, nikakibembeleza mpaka vidole vikafa ganzi. Kazi nilizofanya ni nyingi, za wakubwa wa wilaya na wakubwa wa mkoa, lakini sikumbuki nyingine niliyoifanya huku naomba Mungu. Nilihofia Zuhura alikuwa amesema kweli. Nilijua kwamba mzee akifia njiani, mkono wangu utakuwa umo.

Walipomlaza, kichwa kilikuja usawa kabisa na tundu la kioo. Zuhura alipanda mbele bila kunisemesha. Mzee Rajabu akatoa vidole nje ya bodi, akapapasa ukingo wa bati, kama mkaguzi.

"Mpira hujachana?" aliniuliza.

"Sijachana, Fundi Mkuu."

"Haya."

Ndilo neno lake la mwisho kwangu. Hamisi alirudi mvua zilipoanza, tukaviingiza vioo kwa uzi, na huku anakandamiza akanisimulia. Kupita Namtumbo tu, mzee alilala usingizi wa kweli, mdomo wazi, upepo ukimpeperusha kofia mpaka ikabidi waishike. Alifika Nalasi akiwa hai. Walimweka barazani, akawatambua ndugu zake kwa majina, akaomba korosho ingawa hakuweza kuitafuna. Alifariki kabla Ijumaa haijafika. Zuhura aliwaambia watu msibani kwamba upepo wa safari ndio uliomuua baba yake, na mpaka leo tukikutana sokoni hunipa shikamoo akitazama pembeni. Mimi sijui. Labda ni kweli. Labda alimalizwa na chumba cha mabati miaka mingi kabla, na sisi tulimsindikiza tu.

Sasa nami nimestaafu. Nina cheti ukutani na kifua kinachopiga filimbi. Mivukuto ya Wangoni nayo huchakaa. Daktari aliniuliza nilifanya kazi gani, nikamweleza, akaandika bila kuinua uso. Mkitaka wosia wa mzee, jifungeni barakoa zile nene mnapopuliza rangi, na msimamizi akitaka mlango ufungwe, ufungueni, gari litakwanguliwa upya. Mengine mtajifunza wenyewe.

Ninaishi na binti yangu Agripina. Ni mtoto mwema, hanikosei kwa lolote. Jua likishuka anapita kufunga madirisha, na mimi namwambia kwa Kiswahili kinachoeleweka, "Mama, niachie upepo kidogo." Ananielewa vizuri kabisa. Ananijibu, "Upepo utakudhuru, Baba," kisha ananifunika.

Wiki iliyopita alinipeleka kliniki kwa gari lake jipya, mimi kiti cha nyuma, shuka mabegani. Magari ya siku hizi vioo vyake hushuka kwa kubonyeza kitufe, ila dereva ana kitufe chake cha kuvizuia vyote. Tulipofika mteremkoni kifua kikabana. Nikatafuta kitufe mlangoni, nikakibonyeza, kioo hakikusogea. Agripina alinitazama kwenye kioo cha kutazamia nyuma, akatabasamu kwa huruma, akaendelea kuendesha. Nikabonyeza tena, kisha nikauweka mkono mapajani.