Kifutio cha Mwalimu

Nyumba ile ilikuwa na mwalimu mmoja tu: mama mwenye nyumba, aliyefundisha sekondari mpaka akastaafu, na muuza maziwa bado anamwita Mwalimu. Kwa hiyo yule fundi wa kompyuta, binti mwenye begi la bisibisi, alipoketi sebuleni na kusema, "Marehemu ndiye mwalimu wangu," roho ilimchoma Mwalimu, mjane wa marehemu huyo.

Binti huyo alishinda na mume wa Mwalimu katika karakana ya kompyuta miaka mingi, wakila chakula alichopika Mwalimu. Na sasa zahanati za mji mzima zilipanga foleni za wagonjwa kwa programu aliyoiandika marehemu, huku watu wakiiita "programu ya dada fundi."

Mwalimu alijiandaa kumkomesha. Yeye ndiye mrithi, alimwambia, angeifunga programu ile na mambo yaishe. Binti alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamweleza taratibu kwamba haifungiki. Marehemu aliitoa kwa leseni huria: yeyote aitumie, aibadilishe, aigawe, mradi asifute jina la mwandishi wala asiwafungie wenzake alichoongeza. Iliyokwisha kutolewa hairudishwi ndani.

"Yaani aligawa mali ya watoto wake bure?"

"Alisema hata wewe huwakatazi wanafunzi wako kuwafundisha wengine, mama."

Neno zuri kama hilo, na mumewe hakuwahi kumwambia yeye Mwalimu.

Kilichomleta binti kilikuwa chumbani: kompyuta ya mezani ya marehemu. Humo mlikuwa na kazi yake ya mwisho, marekebisho ya kosa lililofanya mgonjwa mmoja aitwe mara mbili na wengine wagombane mlangoni kwa daktari. Lakini tangu msiba, kila ikiwashwa ililia milio mifupi na kioo kikabaki cheusi. Mwalimu hakuita fundi. Ikinyamaza nayo, aliona, angalau hakuna mwingine atakayeigusa.

Binti alifungua kasha, akachomoa kadi ya memori, akaomba kifutio cha penseli.

Miaka yote vifutio vya Mwalimu vilikuwa vikitoweka mezani, naye akiwagombeza watoto. Akampa kimoja; sasa alijua nani alikuwa akivichukua. Binti akasugua meno ya kadi kuondoa kutu, kiwiko juu, akapuliza, akaibana mahali pake. Kioo kikawaka.

"Hata kiwiko umemwiga."

"Kiwiko ndicho alichonigombezea zaidi. Alidai nikikishusha namziba mwanga."

Mwalimu nusura acheke, akajizuia. Binti naye aliondoa mikono kwenye kibodi.

"Mama, hii ya mwisho hakuwahi kuitoa kwa watu. Hii ni yenu. Ukikataa nazima, siigusi."

Kukataa kulikuwa kutamu, kumemjaa mdomoni tayari.

"Na lile kosa likibaki," akauliza, "watu watalihesabu kwa jina la nani?"

"La aliyeandika kwanza."

Mwalimu akavuta kiti, akamsogeza binti kwa bega. Juu kabisa ya kazi ile akaandika jina la mumewe kwa kidole kimoja, jina lake, la baba yake na la babu yake, akalisoma tena kama anayesahihisha mtihani.

"Lako liwe chini yake. Itoe kwa masharti yale yale."

"Sawa, Mwalimu."

"Na kifutio changu kiache hapo hapo mezani."