Hodi ya Bwawa la Guildford

Mwaka ule wa korona nilikuwa bado mtoto wa shule, na Bibi yangu alikuwa amebakiwa na mahali pamoja tu pa kwenda: bwawa lililotelekezwa nyuma ya nyumba zetu za Guildford, huku Uzunguni. Wenzake wa kanisani walifungiwa kwao, nasi kwetu. Ile saa ya kutembea tuliyoruhusiwa ndiyo iliyomtoa kitandani. Tulisimama kwenye matope tukimtafuta mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka. Bibi alimwita mwenye maji. Kwao Uvira, alisema, kila chemchemi ina mwenyewe, na huisafishi kabla ya kupiga hodi. Mwenyewe akiudhika, anahama.

Basi siku moja wakaja majirani wa kujitolea, na barakoa zao na pampu. Wakatoa matairi, toroli za supamaketi, tope jeusi la miaka. Sikusikia mtu akipiga hodi. Walipomaliza, bwawa lilipendeza kweli, ila mkunga hakuwepo. Bibi alitazama, akageuka, akarudi kulala. Tangu hapo akakataa kutoka, hata chai akawa anaiacha ipoe. Niliogopa, jamani. Nilidhani naye anataka kuhama.

Nikamwuliza kama hodi inaweza kupigwa kwa kuchelewa.

"Jaribu," akasema. "Lakini kwa Kiswahili, si hicho Kiingereza chako."

Nilikwenda na Baba. Kulikuwa na mama mmoja Mzungu akipanda matete ukingoni, nikaona haya, nikachuchumaa mbali naye na kusema hodi kwa sauti ndogo. Mvua ikanyesha siku kadhaa. Tuliporudi, mkunga alikuwa amelala chini ya matete, mnene vilevile. Yule mama, aliyekuwepo tena, hakushangaa hata kidogo. Alinieleza kwamba mvua ikinyesha, mikunga hutoka kijitoni hapo karibu na kutambaa kwenye nyasi zilizolowa mpaka bwawani.

Nilikimbia nyumbani na elimu yangu mpya, nikammwagia Bibi yote. Kabla sijamaliza, alikuwa anatafuta viatu vyake.

"Sawa, ametambaa," akasema. "Na nani alimwambia aingie?"

Nikainama kumfunga viatu. Sasa Bibi ametutoka. Nikipita pale huwa nasimama kidogo, napiga hodi kwa Kiswahili, nasubiri. Ukweli ni kwamba simwiti mkunga.