Nilivyouza Baridi ya Ufaransa

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia ofisi ya safari pale Ruwi, mjini Muscat, nikiwa na kanzu iliyopigwa pasi hadi ingeweza kusimama bila mimi, na shahada ya historia ndani ya bahasha. Mkurugenzi aliitazama bahasha, hakuifungua.

"Historia," alisema. "Vizuri. Kaa kaunta, ukate tiketi."

Nilikata tiketi kwa miaka. Ninyi mnaokata tiketi kwa simu mmelala hamwezi kujua kaunta inamfundisha mtu nini. Mteja wa Muscat hakwambii anakotaka kwenda, anakwambia anachokikimbia. Ikifika Juni hukimbia jua. Huegemeza viwiko kwenye kaunta, jasho linamtoka chini ya kofia, na kusema: "Nitafutie pahala penye mawingu." Watalii wa dunia nzima hulalamika mvua ikinyesha. Wetu hulalamika isiponyesha.

Kutoka kaunta nikapelekwa dawati la viza, na kutoka hapo kwa Meneja wa Misafara, ambaye alinipokea kwa maneno ambayo chuo kikuu hakikunipa. "Kiongozi wa msafara si mwalimu," alisema. "Ni mama wa watu wazima."

Kabla ya kupeleka msafara popote, kiongozi hutangulia peke yake kufanya ukaguzi. Unalala kwenye kila hoteli, unapanda kila ngazi, unaulizia nyama ya halali, unatafuta kibla katika kila chumba, na unajua mapema ni vyumba vingapi vitahitaji kopo la chooni kutoka nyumbani. Nimepita forodha za Ulaya na makopo ya plastiki yaliyopangwa moja ndani ya jingine, nikieleza kwa Kifaransa cha kuungaunga kwamba hayo si ya kumwagilia maua.

Ukaguzi wangu mkubwa wa kwanza ulikuwa wa pwani ndogo ya Bretagne, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa. Kuna Cancale, mji wa wavuvi wa chaza unaotazama ghuba ambayo maji yake yakipwa, bahari huondoka isionekane. Jirani yake ni Saint-Malo, mji mzima uliozungushiwa boma. Ukiingia kidogo bara, unakuta Dinan na ngome yake ya kale. Nilikwenda masika yanaanza, nikanyeshewa kila siku, nikarudi nikipiga chafya na kung'ara kwa furaha.

Mkurugenzi hakushawishika. "Watu wanataka Paris. Maduka na picha."

"Kule mvua hainyeshi wima," nikamwambia. "Inanyesha ubavu."

Hapo akainua uso. Alinipa ukoo mmoja wa kujaribia: Bi Salma, mzaliwa wa Unguja, pamoja na wanawe, wakwe na wajukuu. Gharama zote zilikuwa za mwanawe Nassor, mfanyabiashara wa Mawaleh. Kauli zote zilikuwa za Bi Salma. "Wakikaa hadi siku ya mwisho, njia hiyo ni yako," alisema Mkurugenzi. "Wakikukimbia katikati wakaenda Paris, unarudi kaunta."

Tulifika Cancale Julai, na jua likatupokea. Halikuwa jua la kizungu la kuona haya. Lilikuwa letu hasa, kama vile tumelibeba kwenye mizigo. Hoteli haikuwa na kiyoyozi. Mwenye hoteli alitufungulia madirisha yote akasema, kwa uso wa mtu anayetoa zawadi, kwamba tuna bahati sana.

Asubuhi Bi Salma alikuwa akijipepea kwa karatasi ya vyakula.

"Mwanangu, si wewe uliyesema kuna mvua?"

"Ndiye mimi, Bi Salma."

"Iko wapi?"

"Inakuja."

"Imepanda ndege gani?"

Niliwapeleka Saint-Malo, tukatembea juu ya boma saa sita mchana. Nikaanza kueleza habari za manahodha walioteka meli za watu kwa ruhusa ya mfalme. Bi Salma alinikatiza kwa kiganja.

"Mie nimetoka Muscat, kila jabali lina ngome yake. Bahari nnayo Qantab, na samaki wake nnawajua kwa majina. Nimevuka dunia kuja kutazama ngome na bahari?"

Wajukuu walicheka. Nassor hakucheka. Alikuwa ameshafungua simu anatazama treni. "Mama akisema kesho, basi kesho tuko Paris," akanambia, bila ubaya.

Nikaiona kaunta. Nikaiona na kalamu yake iliyofungwa kamba.

Ndipo nilipokumbuka pahala nilipopaacha nje ya ratiba. Katika ngome ya Dinan kuna ukumbi wa chini, wenye kuta nene na unyevu, ambamo zimelazwa sanamu za mawe za mabwana na mabibi wa zamani. Kwenye ukaguzi nilitetemeka humo, nikaona haifai kuwashusha wazee.

"Bi Salma, nipe asubuhi moja tu," nikamwomba. "Sitosema neno la historia."

"Hata mwaka hutataja?"

"Hata mwaka."

"Hapo umenena."

Kesho yake tulishuka ngazi za mawe, yeye kanishika mkono, akimtaja Mola kila hatua kwa ajili ya magoti. Chini, baridi ikatupiga usoni. Bi Salma alisimama, akafunga macho, kisha akauvuta mtandio mabegani.

"Alhamdulillahi. Sasa nimefika Ufaransa."

Akatazama sanamu zilizolala chali, mikono kifuani. "Hawa wamepata hoteli nzuri kuliko yetu." Akaizunguka moja. "Huyu nani?"

Nikaweka kidole mdomoni.

"Nnakuuliza wewe."

"Si niliahidi kutosema?"

"Ahadi nimekusamehe. Nani kamvunja pua?"

"Watu wake wenyewe, nadhani. Walipowachoka mabwana zao, walianza na pua."

Alicheka mpaka mlinzi akaja kutazama. Tukakaa humo hadi wajukuu wakaomba masweta, na maswali hayakwisha.

Jioni ile niliipindua ratiba yote. Jua likiwa kali, tulikuwa ndani ya mawe: minara, makanisa ya kale, mahandaki. Likipungua makali, tulikuwa pwani. Nassor alikumbusha treni mara moja tu.

"Paris kuna nini?" akauliza mama yake.

"Maduka, mama."

"Ya kwetu Seeb umeyamaliza?"

Walikaa hadi siku ya mwisho. Mkurugenzi alinipigia simu.

"Mvua ilinyesha?"

"Hata tone."

"Na wamekaa?"

"Wamekaa."

Akavuta pumzi. "Umewaonesha nini?"

"Maiti za mawe."

Njia ikawa yangu, nami niliiongoza vizuri. Nasema hivyo bila haya, kwa sababu mengine mengi niliyafanya vibaya. Nimestaafu mapema, katika umri ambao watoto wangu wanauita uzee na daktari anauita uzito. Nilidhani ningeandika kitabu cha historia. Mpaka sasa nimenunua kiti.

Juzi Bi Salma alinitumia sauti kwenye simu. Ameambiwa mwaka huu pwani ile itakuwa na mvua tele, na yeye mvua hana haja nayo. Anataka kuona ngome nyingine, ambayo hajaiona.

Nikamjibu kwa adabu kwamba mimi nimestaafu.

"Umestaafu wewe," akasema. "Mie magoti yangu bado yako kazini. Tunaondoka lini?"

Nimemwambia Julai.