Siku Mwenyekiti Wetu Alipanda Kaburi la Mfalme

Hapana, hatukufukuzwa Korea. Hakuna mtu alifungwa, hakuna mtu aliiba kitu kwa kaburi, na yule anayezunguka hapa kwetu Kilungu akisema hivyo, mwambie aje aniambie mimi, uso kwa uso. Hiyo picha mnatumiana kwa simu, ile ya mama ameinama kwa nyasi na askari anampigia filimbi, mimi nilikuwa hapo. Najua kilichotokea kabla yake na kilichotokea baadaye. Picha haijui.

Wacha nianze na treni.

Tulikuwa tumeenda wiki mbili, wakulima kutoka nchi kadhaa, kufunzwa mambo ya udongo na maji. Mwethya wetu, hiki kikundi chetu cha kuchimba matuta pamoja, kilituma watu watatu: mwenyekiti, seketari, na mimi. Mwenyekiti anaweza kuwa nyanya yangu, lakini mimi humwita mwaitu, mama, kama kila mtu huku. Matuta mengi unayoona ukipanda hii milima, jembe lake limepita hapo. Kizungu hajui. Ndio maana nilipelekwa. Shule niliachia katikati, Kizungu nikajifunza kwa redio na kwa kubishana na watu, na Kikorea nilianza kusoma kwa simu siku ile tuliambiwa tutasafiri, nikiuza maembe kwa barabara. Kazi yangu ilikuwa moja tu: kila kitu kikisemwa, nimwambie mwaitu.

Siku ya mwisho, ndege ikiwa ni kesho yake asubuhi, tukapelekwa Gyeongju, mji wa wafalme wa zamani, kwenda na kurudi. Aliyetuongoza ni msichana wa rika langu mwenye bendera ndogo ya njano, mpole, lakini na saa hana mchezo. Hiyo treni inakimbia na chai haitingishiki kwa kikombe. Seketari alilala kabla hatujamaliza mji. Mwaitu aliweka uso kwa dirisha na hakuutoa.

"Huyu amekata matuta vizuri," akasema. Tukapita mlima mwingine. "Huyu ni mvivu. Ona vile maji imepita hapo."

"Mwaitu, hao hawakusikii."

"Shamba lao linanisikia."

Dada wa bendera akasimama akatueleza kwa Kizungu: mtaona vilima vya nyasi katikati ya mji, si vilima, ni makaburi ya wafalme, na hakuna mtu anaruhusiwa kupanda. Nilisikia vizuri. Nilikuwa nageuka kumwambia mwaitu, halafu nikaona kwanza nimjaribu huyu dada na Kikorea changu. Akacheka, akanirekebisha. Nikasema ingine. Mzee wa kiti cha mbele akatugeukia, tukaendelea kwa kunong'ona. Kufika stesheni nilikuwa najua kusema "chakula ni kitamu sana" na "miguu imechoka". Mwaitu alikuwa hajaambiwa kitu.

Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha. Vilima vyenyewe, ukiviona, utasema Mungu alivifinyanga kwa mkono: mviringo, nyasi fupi, hakuna mti. Nilikuwa mbele na dada wa bendera, nikiongea. Mwaitu alibaki nyuma, akazunguka kimoja kwa upande wa nyuma, mahali hakuna kibao.

Hapo akaona maji imekata laini. Laini nyembamba, kama kidole, kutoka katikati ya mteremko hadi chini.

Sasa, mtu wa Kilungu anajua hiyo laini. Leo ni kidole, msimu ujao ni korongo, na baada ya hapo hauna shamba. Huku kwetu ukiona maji imeanza kukata, hata kama ni kwa shamba ya mtu mmekosana, unaweka jiwe kwanza, halafu ndio unaenda kumwita mwenyewe. Jiwe kwanza. Hiyo tulifunzwa kabla ya kuandika majina yetu. Na aliyetufunza wengi wetu ni yeye.

Akaokota mawe kwa njia, akayabeba na leso, akavuka kamba ya kuzuia watu, akapanda.

Filimbi ndio ilinigeuza. Askari mzee alikuwa anakuja mbio akipiga kelele, na mwaitu ako juu pale ameinama, anapanga jiwe la tatu. Seketari alikuwa hapo karibu. Hakumwita. Alitoa simu akapiga picha.

Nilikimbia. Nikaanza kumfokea askari kwa Kizungu, Kikamba, na yale maneno yangu ya Kikorea, yaani nilikuwa namwambia miguu imechoka.

"Wewe, nyamaza!" mwaitu akaniambia. "Anasema nini?"

"Anasema ushuke. Ni kaburi, mwaitu. Ni kaburi la mfalme."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukianguka vile. Huku tunazika kwa shamba, na hata ukiwa na njaa namna gani, unalima ukizunguka. Alishuka kinyumenyume, akishika nyasi na mikono. Chini akavua viatu.

"Nimekanyaga mtu," akasema. "Asi! Nimekanyaga mtu wa wenyewe."

Tukapelekwa ofisi ndogo karibu na geti. Mkubwa wa hao askari alikuwa lazima aje aangalie uharibifu, aandike ripoti, na hakuna aliyejua atafika saa ngapi. Treni yetu ilikuwa saa kumi. Dada wa bendera ndiye alikuwa na tiketi za watu wote. Alijaribu kupiga simu hapa na pale, na macho yake yalikuwa karibu kulia.

Seketari akasema, "Abaki. Alijipeleka mwenyewe. Hatuwezi kukosa ndege sisi wote juu ya mtu mmoja."

"Hajui Kizungu," nikamwambia. "Utamwacha na nani?"

"Na mawe yake."

Nilitaka kumpiga. Nasema ukweli, mkono ulishainuka. Mwaitu akaushika akaurudisha chini kama wa mtoto.

"Nenda, mwana wakwa," akaniambia, yaani mwanangu. "Usikose ndege."

"Siendi."

"Nimesema nenda."

"Na mimi nimesema siendi."

Wakaenda. Dada wa bendera alinipatia tiketi zetu mbili, namba yake ya simu, na karatasi ameandika kwa Kikorea ya kuonyesha watu wa stesheni. Tukakaa kwa benchi. Saa kumi ikafika, ikapita. Niliangalia ukuta.

Mkubwa alikuja na buti safi. Alienda kuona kilima, akarudi, akaweka mawe matatu juu ya meza mbele yetu. Akauliza, kupitia simu yake inayotafsiri: kwa nini?

Mwaitu akaomba karatasi. Akachora mlima wetu, akachora matuta, udongo unatupwa upande wa juu, maji inasimama. Halafu akachora kilima chao na ile laini. Mkubwa akafuata ile laini na kidole. Hakutabasamu. Simu yake ikasema kwamba hilo ni jambo la kuwaambia wao, si la kushika.

"Mwambie ako sawa," mwaitu akasema. "Kwetu ningeweka jiwe ndio nikuite. Hapa ningekuita kwanza. Hiyo ni kosa yangu."

Akaandika jina lake kwa fomu, pole pole, akainamisha kichwa. Mkubwa naye akainamisha. Tukaachiliwa. Ile karatasi ya dada ikatuingiza treni iliyofuata, tukisimama karibu na choo, jua bado liko juu ya mashamba. Safari hii mwaitu hakuangalia matuta.

"Hukuniambia," akasema.



Ndege tulipata. Lakini picha ilifika Kilungu kabla yetu, na seketari ameandika chini yake: mwenyekiti wenu akituaibisha. Mkutano ukaitwa kwa uwanja wa kanisa wa kuchagua mwingine, na seketari ndiye alitaka hicho kiti. Mwaitu akakataa kujitetea. Alisema tu alikanyaga kaburi la wenyewe na hiyo ni kweli.

Kwa hivyo nilisimama mimi. Nilisema yote haya, hata ile ya treni, vile nilikuwa nacheka na Kikorea changu badala ya kufanya kazi yangu. Seketari akanikata: "Kwa hivyo unakubali ni aibu?"

"Nakubali aibu ni yangu," nikamwambia. "Na yako ni gani? Ulimwona akipanda. Ulitoa simu."

Huku tunachagua kwa kupanga laini nyuma ya mtu. Nilienda nikasimama nyuma ya mwaitu, wa kwanza. Sikugeuka. Nikasikia vumbi, nikasikia viatu, nikasikia mama mmoja akikohoa karibu na sikio langu. Nilipogeuka mwishoni, laini ya seketari ilikuwa na ndugu zake. Yetu ilipita mlango wa kanisa ikazunguka. Mwaitu ndiye mwenyekiti mpaka leo, na Jumatatu tunachimba kwa shamba ya seketari, kwa sababu zamu ni yake na maji imeanza kukata huko.

Lakini wewe unayetuma hiyo picha, nakuuliza kitu kimoja. Saa kumi imefika, treni imefungua mlango, na mama yako amekaa kwa benchi ya askari peke yake. Ungepanda?