Mtoto wa Fundi na Bibi Funguo

Fundi wa cherehani hakuwa mtu wa kijicho. Jirani akinunua cherehani mpya, yeye ndiye humwonyesha jinsi ya kuitia uzi. Lakini mwezi wake wa tatu katika nyumba ile ya kuhifadhi familia za watoto wagonjwa, mkabala na hospitali, wivu ulimshika. Na aliyemtia wivu ni mwanamke mtu mzima, mvaa kandambili zinazomzidi miguu!

Huyo ndiye msimamizi wa nyumba. Walimwita Bibi Funguo, kwa sababu ya rundo la funguo lililoning'inia kiunoni mwake mchana kutwa. Alimpokea Fundi vizuri, akampa chumba chenye dirisha, akamwekea na zamu ya jikoni. Hapo hana kosa. Kosa ni kwamba kuanzia sindano ya pili ya mgongo, kila mara binti wa Fundi, mtoto wa miaka saba, alisema, "Namtaka Bibi."

Eti namtaka Bibi! Na mimba aliibeba nani? Nani alifunga duka, akamwachia mume watoto wawili, akaja kulala ugenini? Fundi alibaki kwenye benchi la nje ya chumba cha sindano akisokota futi yake ya kupimia, huku mtoto akiingia na Bibi, amezikumbatia zile funguo. Kilio kikisikika, Fundi alitamani kung'oa mlango.

Siku ya sindano ya sita uvumilivu ukamwisha.

"Bibi, nisamehe. Leo naingia mwenyewe."

"Ingia, mwanangu. Si mtoto wako?" Bibi akajibu, akakaa kwenye benchi.

Mtoto ndiye aliyegoma. "Mama, usiingie."

"Kwa nini? Mimi si mama yako?"

"Ni mama yangu. Lakini Bibi ananiacha nilie. Wewe nikilia, na wewe unalia. Halafu mimi ndiye nakubembeleza."

Fundi akakumbuka. Kweli, siku ya kwanza muuguzi alimletea yeye kiti na maji, na mtoto, plasta bado mbichi mgongoni, akawa anampapasa mkono: basi, Mama, basi.

"Leo silii," akasema. "Nikilia, nifukuze."

Mtoto akamkagua uso, kisha akanyoosha mkono. Fundi akavua futi shingoni, akampa aishike badala ya funguo.

Wee! Mtoto alilia mpaka watu wa dirisha la dawa wakageuka. Alimtukana muuguzi, akamtukana mama yake, akaing'ata futi. Fundi akamshika mabega kwa nguvu. "Lia, mwanangu. Toa yote." Macho yake yaliwaka moto, lakini chozi halikudondoka.

Walipotoka, Bibi alikuwa amesimama mlangoni, funguo mkononi, leo hazina mtoto wa kuzikumbatia. Fundi akampita kifua mbele, kisha akarudi hatua mbili.

"Umemsikia?"

"Nimemsikia."

"Kwako hajawahi kulia hivyo."

"Hata siku moja," Bibi akasema, akazirudisha funguo kiunoni.